Minyaa Niliyopanda Nyuma ya Kibanda

Mwangaluka bhose! Aa, huko nyuma wameitikia watatu tu. Walimu na wauguzi mliotoka Kilimanjaro na Mbeya, mkisalimiwa hivyo asubuhi jibuni "mhola" tu, hamtakosea. Haya, mwangaluka tena. Eeh, sasa mmeitika.

Ndugu zangu, Mchungaji ananiomba nisimame hapa tangu kabla ya mavuno ya pamba, na kila Jumapili nilikuwa na sababu. Mara mafua, mara nina mgeni nyumbani. Jumapili moja nilitokea mlango wa pembeni wakati wa sadaka, mke wangu akaniona. Leo amekaa mlango ule ule yeye mwenyewe, mnamwona pale. Basi sina pa kutokea, ngoja niseme. Sitamtaja mtu kwa jina, maana wengine wamo humu, na wengine hawamo kujitetea. Na nimefurahi kuwaona wageni wetu wa Lalago, ambao nasikia mnajipanga kujenga stendi yenu. Nyinyi hasa ndio naomba mnisikilize.

Mimi ni fundi baiskeli. Wengi mnanijua kwa kazi hiyo, na wengine mna baiskeli zenu kwangu mpaka leo, mje mzichukue. Nimezaliwa Ngulyati, nimechunga ng'ombe wa baba yangu, na nilipokuwa kijana niliingia sungusungu. Wageni, hao ni walinzi wetu wa jadi. Mwizi akiiba ng'ombe, mtu anapiga mwano, lile yowe la hatari, na kijiji kizima kinatoka na fimbo. Mimi nilikuwa na mbio. Nilisifiwa sana kwa hilo, na sifa zile nilikuja nazo hapa Bariadi mjini. Kila mteja niliyemzibia pancha alikuwa lazima asikie jinsi nilivyowahi kumfukuza mwizi mpaka mtoni. Waliokuwa na haraka walikuwa wanapeleka baiskeli kwa fundi mwingine.

Nilipata kibanda kwenye ile stendi yetu ndogo, ya magari ya vijijini na ya Mwanhuzi. Kilikuwa cha pembeni kabisa. Nyuma yake palikuwa uwazi, na ng'ambo ya uwazi ukuta wa ghala la pamba, mrefu, hauna dirisha hata moja. Kiangazi upepo ulikuwa unapita pale na vumbi lote la stendi, grisi yangu inageuka matope. Lakini niseme kweli, vumbi halikuwa sababu kubwa. Msukuma kukaa mahali pasipo na uzio ni shida. Unajiona uko uchi. Kila apitaye anaona unakula nini, umekaa na nani, una baiskeli ngapi. Kwetu mji ni minyaa, ile mimea ya uzio. Watu wakihama hata miaka mingi, nyumba zikaanguka, minyaa hubaki, na mpita njia anajua hapa waliishi watu.

Basi mvua zilipoanza nilikwenda Ngulyati, nikakata vijiti vya minyaa kwenye uzio wa marehemu baba, nikavifunga nyuma ya baiskeli, nikaja kuvichomeka nyuma ya kibanda. Majirani wakaona ni jambo jema. Mwenye duka la kamba na majembe akachomeka, kinyozi akachomeka, ikawa mstari mrefu toka kwangu mpaka karibu na barabara ya lami. Minyaa haidai maji wala mbolea. Miaka michache tu ikatupita vichwa, ikashonana, ukisimama upande mmoja humwoni aliye upande wa pili. Tukasema sasa hapa ni kwetu. Nikapewa jina, Mzee Minyaa, nami nikalipenda.

Na pale katikati, baina ya minyaa na ukuta wa ghala, pakabaki kijia. Abiria wakakigundua upesi, kwa sababu kinakutoa stendi mpaka barabarani bila kuzunguka kwenye geti. Ni hatua mia hivi. Ukishaingia, kulia ukuta, kushoto minyaa, na vibanda vyote tumevipa kijia kile mgongo. Hakuna aliyekuwa anaona mle ndani. Sisi wenyewe ndio tuliotengeneza hivyo, na tukajisifu.

Siku moja nilifunga kazi saa kumi na moja jioni. Jua bado lipo, jua la kuanikia nguo kabisa. Nikaingia kwenye kijia nikikokota baiskeli. Nikafika katikati, wakatoka kwenye minyaa wanaume watatu. Walikuwa wamekata kama kichumba humo ndani, katika minyaa yangu mimi mwenyewe. Mmoja akashika baiskeli, mmoja akanipiga na kitu kisogoni, nikaanguka. Wakachukua simu na mfuko wangu wa spana, wakaondoka wanatembea. Hawakukimbia hata kidogo. Walijua hakuna anayewaona.

Nawaambia ndugu zangu, niliyekuwa nafundisha vijana jinsi ya kupiga mwano, siku ile mdomo ulikataa. Nilijaribu. Ikatoka pumzi tu. Nilikaa chini pale, damu inaingia kwenye kola ya shati, na kitu cha kwanza nilichofikiri hakikuwa hospitali wala polisi. Nilifikiri, watu wa stendi wasijue. Mimi! Ngosha, mwanamume mzima wa sungusungu, nipigwe na jua linawaka!

Nyumbani nikasema nimeanguka na baiskeli. Mke wangu akanisafisha kidonda, kisha akauliza, "Wewe mzee, ni baiskeli gani inayompiga mtu kisogoni?" Nikamwambia achemshe chai.

Basi nikanyamaza. Mimi mwenyewe sikupita tena kwenye kijia kile, nilikuwa nazunguka getini nikisema daktari ameniambia nitembee. Lakini watu niliwaona wanaingia. Wanaingia kina mama na mizigo, wanaingia wanafunzi, nami nainama kwenye tairi nijifanye natafuta tundu. Kila mtu aliyetokea salama upande wa pili nilishukuru, na kila aliyetokea salama alinipa sababu ya kunyamaza siku moja zaidi.

Hapa ndipo pagumu. Naomba mnivumilie.

Ilikuwa mchana, kama saa nane. Gari la Mwanhuzi lilikuwa limefika, watu wanashuka. Akashuka dada mmoja, nesi, aliyekuwa ndiyo kwanza anahamia Bariadi kutoka mikoa ya mbali. Ana begi kubwa, ana ndoo yenye vyombo. Akaja moja kwa moja kwangu, nadhani kwa sababu ya mvi hizi. Akasema, "Shikamoo baba. Nimeambiwa kuna njia ya mkato ya kutokea barabarani, ni hii hapa?"

Nikasema marahaba. Nikasema, "Ipo, lakini zunguka tu getini."

Akaangalia lile begi, akaangalia geti lilivyo mbali. "Kwani hii ina nini, baba?"

Palikuwa na madereva wawili wamekaa kwenye benchi langu, na kinyozi amesimama mlangoni pake, wote wananitazama. Ningesema nini? Ningesema nimepigwa? Kinyozi angenicheka mwaka mzima. Nikasema, "Haina kitu. Pita tu, mwanangu."

Akapita.

Hata spoku moja sikumaliza kukaza, nikasikia sauti yake. Yeye alipiga yowe, ndugu zangu, yowe kamili, lile nililoshindwa mimi. Safari hii nilikimbia. Nilimkuta ameangukia ndani ya minyaa, walimsukuma humo wakamnyang'anya begi. Mnajua minyaa ikivunjika inatoa utomvu mweupe. Ulimwingia machoni. Alikuwa ameshika uso anasema, "Sioni, sioni, jamani sioni." Mama mmoja anayeuza wali akaja na ndoo nzima ya maji akamwosha, akamwosha tena, huku analia kuliko mgonjwa mwenyewe. Tukampakia kwenye bajaji kwenda hospitali. Nesi anapelekwa hospitali ambayo alikuwa aripoti kazini kesho yake.

Siku nyingi alilala na macho yamefungwa bandeji, na daktari hakuwa na uhakika kama yataona. Mimi nilikwenda mara moja mpaka mlango wa wodi, nikiwa na machungwa. Nikamwona amekaa kitandani anapapasa kikombe. Nikampa machungwa mgonjwa wa kitanda cha kwanza, nikaondoka.

Kutoka hapo nilianguka. Sikufungua kibanda. Nilikuwa nakunywa toka asubuhi, na mke wangu ndiye aliyelisha nyumba kwa kuuza mboga. Usiku sikulala. Na niliyofanya nilipopata nguvu kidogo yalikuwa mabaya zaidi, maana nilikwenda kuwakusanya rafiki zangu wa zamani wa sungusungu, tukaingia stendi mchana kweupe na fimbo. Tukamtoa mtu kwenye kijia kile. Tukamweka chini, tukainua fimbo. Alikuwa mnunuzi wa choroko, mgeni, ameingia mle kujisaidia kwa sababu mlango wa choo cha stendi nao ulikuwa upande wa nyuma na yeye hakuuona. Suruali alikuwa hajaifunga vizuri. Mmoja wetu akacheka, mimi sikuweza. Tukamwacha aende, lakini niliona dhahiri angekufa mikononi mwetu, na wezi wangeendelea kukaa ndani ya minyaa yangu kama kawaida.

Sasa sikilizeni ilivyogeuka. Akaja afisa wa mipango miji, mama mdogo tu, mtu wa Tanga, amejifunga mtandio, Kiswahili chake kinateleza mpaka tukawa tunamchokoza aseme tena. Akatuita wote tunaotumia stendi, madereva, kina mama wa wali, vijana wa bodaboda, abiria waliokuwepo. Nilikwenda kwa sababu mke wangu alinivalisha shati. Tulidhani tutaulizwa majina ya wezi. Yeye akasema, "Wazee wangu, mama zangu, wezi ni kazi ya polisi. Mimi sitaki mniambie mnamwogopa nani. Nataka mnionyeshe mnaogopea wapi."

Akaleta ndoo ya chokaa. Kila mtu achote konzi moja, tuzunguke stendi yote kwa miguu, na mahali ambapo moyo wako huruka ukipita, umwage kidogo chini. Hakuna kuulizwa kwa nini.

Wanaume tulicheka. Tulidhani stendi tunaijua. Lakini kina mama wakaanza kumwaga, na mahali walipomwaga mimi nilikuwa sijapatazama hata siku moja. Pale kwenye mlango wa choo. Nyuma ya lori bovu lililotelekezwa. Kwenye mti ambao matawi yake yamefika chini, mtu anaweza kukaa ndani. Mabinti wa sekondari walimwaga mbele ya benchi la madereva, na madereva wakaanza kutazama viatu vyao.

Tulipofika kwenye kijia, ardhi ikawa nyeupe. Nyeupe, ndugu zangu, mwanzo mpaka mwisho. Kinyozi alimwaga. Mwenye majembe alimwaga. Kila mtu alikuwa anapaogopa, na kila mtu alikuwa kimya, kwa heshima yangu mimi mwenye minyaa. Na mimi nimesimama pale na chokaa yangu mkononi, imeloa jasho.

Na yule nesi alikuwepo. Alikuja ameshikwa mkono na mwenzake, amevaa miwani myeusi. Jicho la kulia lilikuwa limerudi, la kushoto alikuwa anaona ukungu. Alichuchumaa, akapapasa, akaweka chokaa yake pale pale alipoanguka. Hakumwaga. Aliiweka taratibu kama mtu anayepanda mbegu.

Hapo ndipo nikasema. Sijui nani alinisukuma, nadhani Mungu, maana mimi nisingethubutu. Nikasema, "Mimi nilipigwa hapa kabla yake. Nikajua wanakaa humu. Akaja kuniuliza njia, nikaona aibu, nikamwambia apite."

Hata wapiga debe walinyamaza, na hao mnawajua. Nilingoja watu wanitukane, nilikuwa nataka wanitukane. Mzee mmoja alijaribu kunitetea, akasema minyaa ni mila, uzio haung'olewi hivi hivi, na huu umetoka kwenye mji wa marehemu. Yule nesi akageuza uso kunifuata kwa sauti, akasema, "Baba, ung'oe. Na mimi nitakaa hapa mpaka uishe."

Akaletewa stuli na mama wa wali. Akakaa kweli.

Nilikata mwenyewe, ndugu zangu. Yule afisa alinipa miwani ya kuchomelea ili utomvu usinipate. Wengine walitaka kunisaidia, nikakataa mpaka nilipofika katikati, nikashindwa, nikalia, ndipo kinyozi akachukua panga akaendelea kukata. Yule kinyozi niliyeogopa atanicheka. Mwaka mzima wa kuchekwa niliokuwa naukimbia haukuwepo. Mchana ukaisha, mstari ukalala chini wote, na kwa mara ya kwanza ukisimama kwenye meza ya wali unaona magari yanapita barabarani. Upepo ukaja na vumbi lake. Nikasema karibu.

Wa Lalago, haya sasa ndiyo yenu. Vibanda tulivigeuza, milango ikaangalia kijia, nacho tukakipanua ikawa njia. Mama wa wali alihamishiwa kwenye kona iliyokuwa mbaya kuliko zote, na meza zake na wateja wake, kwa sababu mahali panapoliwa pana macho. Bodaboda wakapewa kituo pale njia inapotokea barabarani. Mlango wa choo ukaelekezwa mbele, taa za sola zikafungwa, lori bovu likavutwa. Mti haukukatwa, ulipogolewa tu. Yule afisa ana msemo wake: mmea uishie gotini, tawi lianzie juu ya kichwa. Katikati hapo pabaki pa macho ya watu. Na benchi la madereva nalo lilisogezwa, baada ya mabishano marefu, siwafichi.

Je, wizi umekwisha? Mimi sikuja hapa kuwadanganya. Juzi juzi mtu alimnyakua kuku wa bibi mmoja. Alipogeuka kukimbia akakuta stendi nzima inamtazama, kuanzia kwa kinyozi mpaka barabarani. Mwenyewe akamweka kuku chini, akasema alikuwa anamsaidia kumbeba. Bibi akamwambia wabeja, asante mwanangu, sasa niletee na kapu. Hakuna aliyeinua fimbo. Yule kuku aliliwa Jumapili iliyofuata, kwa amani.

Nashukuru. Namshukuru mke wangu, ambaye hakuniamini tangu siku ya baiskeli na akanilisha hivyo hivyo. Namshukuru yule afisa, aliyekuja hapa hajui neno la Kisukuma na akatufundisha kutazama kwetu. Nawashukuru kinyozi na mama wa wali. Namwomba radhi mnunuzi wa choroko popote alipo. Pombe nimeacha, na kibanda kimefunguliwa.

Na yule nesi. Anafanya kazi hapa mjini, wengine amewazalisha. Jicho la kushoto bado linatoa machozi kukiwa na vumbi, na vumbi mnalijua la hapa. Akipita tunasalimiana. Hajawahi kuniambia amenisamehe, nami sijamuuliza, maana siyo deni la kwenda kudai. Nimejifunza kuishi nalo, nikikaza spoku zangu, uso wangu umeelekea njia.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi nilisubiri aibu iishe ndipo niseme. Ndugu zangu, nawaambia, haikuisha. Ilizidi kukua pale pale, mpaka akaja mtu asiyehusika akaangukia humo. Na humu ndani leo, najua, yupo mtu mwenye mahali pake. Labda ni kona karibu na shule, labda ni kisimani, labda ni ndani ya nyumba. Unapita pale umebana pumzi, na ukimwona mwenzako anaingia unainama kama nilivyokuwa nainama mimi. Sitakuuliza kwa nini ulinyamaza. Sema na aibu yako hivyo hivyo, sauti ikitetemeka tutakusikia. Mimi naketi, na kipaza sauti hiki sikizimi. Nakiweka hapa mezani.